Maji Hayapigi Hodi: Kuiandaa Kaya ya Mjini kwa Mafuriko na Vimbunga



Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hata hivyo, kwa mkazi wa Dar es Salaam aliyejenga au kupanga kandokando ya Mto Msimbazi, mawingu yanayomletea hatari mara nyingi hayako juu ya paa lake. Mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha vilimani usiku, mtu wa Kigogo, Mkwajuni au Jangwani aweza kuamka alfajiri bila tone moja kuanguka kwake, akayakuta maji mlangoni.

Kwa sababu hiyo, maandalizi ya mafuriko si kazi ya siku ya mvua. Ni kazi ya siku za jua, wakati mitaro ni mikavu na akili zimetulia. Makala hii inaeleza jinsi maji yanavyotujia, namna kaya inavyoweza kujiandaa kwa gharama ndogo, na hasa uamuzi mmoja ambao kila familia inapaswa kuufanya mapema: nani ataondoka, lini, kwa njia ipi, na kwenda wapi.

Misimu yetu na yale tuliyokwisha kuyaona

Ukanda wa Pwani una misimu miwili ya mvua: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Msimu wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi nao huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili, hivyo mwisho wake unakutana na kilele cha masika. Miezi ya Machi, Aprili na Mei inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa ardhi imekwisha kushiba maji na mito imejaa, na kinachoongezeka hakina pa kwenda.

Mwezi Desemba 2011 jiji la Dar es Salaam lilipata mafuriko ambayo wengi hawajayasahau. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo mafuriko yamerudi mara kwa mara. Barabara ya Morogoro imefungwa zaidi ya mara moja pale Jangwani, na karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyopo hapo imeingiwa na maji.

Kuhusu vimbunga, husikika mara nyingi kwamba hivyo ni vya Msumbiji na Madagaska, si vya kwetu. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 na zaidi, na huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia ili kipate kujisokota. Nguvu hiyo ni dhaifu karibu na Ikweta, na Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 7 tu kusini mwake. Basi vimbunga huku kwetu ni nadra, lakini nadra si sawa na kamwe.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Zanzibar, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikisalimika. Kimbunga hichohicho kilifika Bagamoyo na kuibomoa vibaya Misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu miaka minne tu kabla, mwaka 1868. Mwezi Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na wakazi wa Mtwara wakalazimika kujihadhari. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Kisiwa cha Mafia. Upepo wake ulikuwa umepungua kilipogusa pwani, lakini mvua yake iliharibu barabara na kuukata usafiri kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Kusini. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Kwa nini mvua ya saa chache hugeuka mafuriko

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huihesabu kuwa kubwa mvua inayozidi milimita 50 katika saa 24. Tarakimu hiyo yaonekana ndogo, lakini milimita moja ya mvua katika meta moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Paa la nyumba lenye meta za mraba 100 litapokea lita 5,000 kwa mvua ya milimita 50. Hayo ni madumu 250 ya lita 20, kutoka paa moja. Mtaa wenye nyumba 200 za namna hiyo utamwaga lita milioni moja kutoka mapaani peke yake, pasipo kuhesabu barabara na nyua zilizosakafiwa.

Zamani maji hayo yalinywewa na udongo, majani na mashamba ya mpunga ya bondeni. Leo ardhi imefunikwa kwa saruji, na mtaro uliokusudiwa kuyapokea umejaa chupa, mifuko na mchanga. Kisha ipo bahari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3. Mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mto hukosa njia ya kutoka, nao hurudi nyuma na kutapakaa majumbani. Mkazi wa bondeni mwenye hekima hutazama utabiri wa mvua pamoja na saa za kujaa kwa maji. Wavuvi wetu wanazijua saa hizo kwa kichwa.

Lipo pia jambo moja la aibu ambalo ni lazima lisemwe. Katika baadhi ya mitaa, mvua inapoanza kunyesha, wapo wanaofungulia vyoo vyao ili uchafu uchukuliwe na maji. Anayetapisha choo mtaroni anaupeleka ugonjwa katika sufuria ya jirani aliye chini yake, naye hawezi kusema hakujua. Kadhalika anayetupa taka mtaroni. Amri ya kutoua haiishii kwenye silaha. Inamhusu pia anayeyahatarisha maisha ya mwenzake kwa uzembe.

Kuzisoma tahadhari

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi tatu, kila moja na rangi yake. Njano ni angalizo: hali mbaya yaweza kutokea, basi fuatilia taarifa na kamilisha maandalizi. Rangi ya chungwa ni tahadhari: athari zinatarajiwa, basi anza kutekeleza mpango wa familia. Nyekundu ni tahadhari kubwa: maisha yamo hatarini, na aliye bondeni awe amekwisha kuondoka.

Familia ichague mtu mmoja wa kufuatilia taarifa hizo kila jioni katika redio au simu, akizipata kwa Mamlaka yenyewe, si kwa ujumbe unaosambazwa bila jina la mwandishi. Redio ndogo ya betri ina thamani kubwa, kwa kuwa umeme na mtandao wa simu huweza kukatika kwa pamoja. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na namba 112 ya dharura ziandikwe ukutani, na watoto wazijue kwa moyo.

Uamuzi wa kuondoka

Hapa ndipo penye kiini cha maandalizi yote. Katika mafuriko, hatari kubwa humkuta anayechelewa: aliyebaki kulinda televisheni, aliyerudi kuchukua godoro, aliyesema, "Tungoje kidogo tuone." Maji yanapofika kifundo cha mguu gizani, hakuna nafasi ya kushauriana. Kwa hiyo shauri lifanywe leo, familia nzima ikiwa imekaa pamoja, na maswali manne yapate majibu.

Swali la kwanza ni: tutaondoka lini? Jibu lisiwe la kukisia. Chagueni alama inayoonekana, kama vile jiwe katika mtaro, ngazi ya baraza au nguzo ya daraja la miguu, mkubaliane kwamba maji yakiifikia alama hiyo, au tahadhari nyekundu ikitangazwa, safari imeanza, hata kama baba hayupo nyumbani.

Swali la pili ni: tutakwenda wapi? Tajeni nyumba ya ndugu au rafiki aliye mwinukoni, naye aombwe mapema na kukubali. Wekeni na mahali pa pili, kama vile shule au ukumbi wa parokia, endapo pa kwanza hapafikiki.

Swali la tatu ni: tutapita njia gani? Njia fupi inayovuka mto au mtaro haifai. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 15 yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimeta 30 zaweza kulisukuma gari dogo, na sentimeta 60 hubeba magari mengi. Mtoto anayevuka mtaro kwenda shuleni siku ya mvua yumo hatarini kuliko tunavyodhani. Aambiwe bila kificho: siku hiyo usivuke, na hutaadhibiwa kwa kuchelewa wala kwa kutokwenda.

Swali la nne ni: nani atamchukua nani? Bibi asiyeweza kutembea, mtoto mchanga, mjamzito na mwenye ulemavu, kila mmoja awe na mtu wake aliyetajwa kwa jina. Mzigo wa wote mara nyingi huwa si mzigo wa yeyote.

Wengi hubaki kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo si ya kubeza, maana kwa familia maskini cherehani au jokofu ndilo akiba ya miaka kumi. Dawa yake ni kuhamisha vitu vya thamani mapema, tangu rangi ya chungwa, na kupanga na majirani ulinzi wa zamu kutoka mahali palipoinuka. Injili ya Mathayo yasimulia kwamba Yusufu, alipoonywa, aliondoka usiku uleule pamoja na mtoto na mama yake. Mwinjili hatuelezi lolote juu ya vyombo vya nyumbani.

Mfuko wa kuondokea na nyumba yenyewe

Begi moja liwekwe tayari mahali pa juu na karibu na mlango. Ndani yake viwemo, katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa, ubatizo, ndoa na shule, hati ya nyumba au mkataba wa pango, kadi za bima na za kliniki. Vipigwe picha pia, na picha hizo atumiwe ndugu aliye mbali. Ziongezwe dawa za siku 7 kwa anayetumia dawa kila siku, iwe ya shinikizo la damu, kisukari, kifafa au za kufubaza virusi vya UKIMWI. Tochi, betri, filimbi ya kuitia msaada, fedha taslimu kidogo, nguo za watoto, taulo za kike na sabuni.

Maji ya kunywa na matumizi ya lazima yakadiriwe kuwa lita 4 kwa mtu mmoja kwa siku, angalau kwa siku 3. Familia ya watu watano yahitaji lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20 yaliyofunikwa. Chakula kiwe kisichohitaji kupikwa sana.

Nyumbani kwenyewe, hatua ni hizi. Mitaro na mifereji ya paa isafishwe kabla ya msimu, si baada ya mvua ya kwanza. Viroba vilivyojazwa mchanga viwekwe tayari kuziba milango ya chini. Vitapunguza maji yanayoingia, ingawa havitauzuia mto. Magodoro, madaftari na unga vipandishwe juu. Swichi kuu ya umeme izimwe kabla maji hayajafika kwenye soketi, na asiguse swichi yeyote aliyesimama majini. Mtungi wa gesi ufungwe vali na kukazwa kwa kamba ukiwa wima, maana mtungi huelea na kugonga. Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe katika chumba kilichofungwa kwa sababu ya mvua. Moshi wake usioonekana huua watu usingizini.

Mpangaji naye asidhani kwamba haya ni ya mwenye nyumba peke yake. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, aulize majirani maji yalifika wapi masika iliyopita, na atazame alama za matope ukutani. Anayetaka kujenga akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Bei nafuu ya kiwanja cha bondeni hulipwa baadaye, na pengine hulipwa na watoto.

Siku ya upepo mkali

Kimbunga kikitangazwa, mambo matatu huongezeka. Kwanza ni upepo: mabati yaliyolegea yakazwe, matawi makavu yakatwe mapema, na vitu vilivyo uani viingizwe ndani, kwa kuwa bati linaloruka hukata kama panga. Pili ni bahari: upepo huyasukuma maji nchi kavu, basi waliopo ufukweni wahamie mwinukoni, na vyombo vya majini vibaki bandarini. Tatu ni utulivu wa udanganyifu. Kitovu cha kimbunga kikipita juu yenu, upepo hukoma ghafla na anga laweza kufunguka. Msitoke. Upande wa pili unakuja, nao huvuma kutoka uelekeo wa kinyume. Kaeni katika chumba cha ndani, mbali na madirisha, hadi mamlaka itangaze kwamba hatari imepita.

Baada ya maji kupungua

Hatari haiondoki pamoja na maji. Visima na mabomba huchanganyika na vyoo, ndipo hufuata kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya mgunda, inayosambazwa na mkojo wa wanyama, hasa panya. Maji ya kunywa yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja au zaidi, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe. Wanaosafisha matope wavae viatu vya mpira na kufunika vidonda.

Anayeharisha apewe ORS, paketi moja katika lita moja ya maji safi. Ikikosekana, changanyeni lita moja ya maji hayo, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazisha. Apewe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya bila kukawia. Ukuta wa udongo au wa tofali mbichi ulioloa waweza kuanguka siku kadhaa baadaye, jua likiwaka; usiegemewe, wala watoto wasilale kando yake. Umeme usirudishwe kabla fundi hajakagua nyaya.

Jumuiya ndogo ndogo na ujirani mwema

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, walikusudia Kanisa linaloishi mtaani, mahali watu wanapojuana kwa majina. Mafuriko yanatukumbusha thamani ya kujuana huko. Jumuiya inayokutana kila wiki inajua ni mama yupi anayelala kitandani, ni nani anayewaacha watoto peke yao kwa sababu ya zamu ya usiku, ni mzee gani haisikii simu. Elimu hiyo haipatikani katika ofisi yoyote.

Basi kila jumuiya iliyopo bondeni itenge mkutano mmoja kabla ya masika kwa ajili ya kazi hii. Yaandikwe majina ya wasioweza kuondoka peke yao, na kila mmoja apewe watu wawili wa kumfikia. Jumuiya za mwinukoni zijitolee kupokea familia, na zitaje idadi wanayoweza kulaza. Orodha ifikishwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili juhudi za waamini ziungane na za kamati za maafa badala ya kwenda kando. Wala orodha hiyo isiishie kwa wabatizwa. Jirani Mwislamu, mpangaji mgeni na kijana asiyesali popote wote wamo katika bonde moja, na pengine msikiti ndio jengo lililo juu zaidi mtaani. Azungumze paroko na imamu mapema, kwa amani, kabla ya shida.

Wapo watakaosema kwamba kujiandaa namna hii ni kukosa imani. Kanisa huihesabu busara miongoni mwa fadhila nne za msingi, pamoja na haki, nguvu na kiasi. Na Nuhu, anayesifiwa kwa imani yake, aliijenga safina ardhi ikiwa bado kavu. Tuombe mvua ya kiasi, kwa kuwa mashamba yetu yanaihitaji. Kisha tuinuke kutoka magotini tukazibue mtaro.

Jumapili hii, baada ya Misa, kila familia ikae robo saa mezani, iyajibu maswali yale manne na kuyaandika majibu katika karatasi moja itakayobandikwa nyuma ya mlango. Familia isiyo na mahali pa kukimbilia imwambie kiongozi wake wa jumuiya wiki hii, wala isione haya. Na mwenye chumba mwinukoni asisubiri kuombwa.